Kheri Ikipita Kipimo: Tahadhari ya Kuzidisha Vitamini D





Juma hili nimeazimia kuandika juu ya jambo ambalo si la kawaida katika kalamu yangu. Mmezoea kunisoma nikizungumzia twahara, malezi, mirathi na haki za ndoa. Leo nitazungumzia kapsuli ndogo yenye rangi ya asali, ambayo siku hizi hukosi kuiona katika nyumba nyingi za mwambao wetu, na ambayo nusura imtoe duniani dada yangu mkubwa. Nimemwomba idhini ya kuyaeleza haya. Akaniambia niyaeleze yote, pamoja na sehemu yangu mimi ndani yake, kwani akinusurika mama mmoja kwa kuyasoma, hiyo itakuwa sadaka yetu sote wawili.

Yaliyotufika nyumbani

Binti wa dada yangu ameolewa Maskati. Kila apatapo mtu anayekuja huku, humpa amana ya kumletea mamake: halua, tende, udi, na safari moja, chupa ya vitamini D. Dada yangu yumo katika miaka ya sitini, magoti humsumbua, na alikuwa amesikia katika kikundi cha akina mama kwenye simu kwamba sisi tunaojisitiri hatupati jua, na asiyepata jua mifupa yake huliwa ndani kwa ndani. Aliponionyesha ile chupa aliniuliza, "Maalim, hii yafaa niitumie?" Nikaipokea, nikaitazama upande mmoja, nikamwambia, "Itumie, dada. Hiyo ni vitamini tu, na kheri haizidi."

Maneno hayo ya mwisho yananichoma hadi leo.

Akawa anameza kapsuli moja kila siku baada ya swala ya alfajiri. Mwezi wa kwanza hatukuona kitu. Mwezi wa pili hamu ya chakula ilimtoka, hata harufu ya wali ikimchafua moyo. Akawa hapati choo siku nne au tano. Kiu ilimshika isiyokatika, na usiku aliamka mara kwa mara kwenda msalani. Tukasema ni sukari. Ikapimwa, ikaonekana ni sawa. Kisha akaanza kupotewa na mambo. Siku moja aliswali adhuhuri rakaa mbili akatoa salamu, na alipokumbushwa alikasirika kwa ghadhabu ambayo si tabia yake. Siku nyingine aliniita kwa jina la marehemu baba yetu.

Hapo kila mtu akawa na lake. Wako waliosema ni kijicho, wako waliotaja mashetani. Mimi nilimsomea jioni tatu mfululizo, nikampa na maji ya kisomo. Kisomo ni haki, wala sikijutii. Ninachokijutia ni kwamba kila alfajiri maji yale yale ndiyo aliyoyatumia kumezea kapsuli.

Tulipomfikisha hospitali, daktari mmoja kijana, msichana wa umri wa wanafunzi wangu, aliuliza swali ambalo sisi sote hatukuwa tumeliuliza: "Bibi hutumia nini nyumbani? Nileteeni kila kitu, hata vile ambavyo nyinyi hamviiti dawa." Tukamletea mfuko. Akaitoa chupa, akaisoma, akasema, "Kila kapsuli hapa ina yuniti 50,000. Hii humezwa mara moja kwa wiki. Yeye ameimeza vipi?" Tukahesabu. Siku 70. Mahali pa kapsuli 10 alikuwa amekwisha kumeza 70. Damu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa imepanda mno na figo zimeanza kushindwa na kazi yake.

Nikatoka nje ya wodi, nikakaa kwenye benchi, nikaigeuza ile chupa. Upande wa pili maandishi yalikuwa ya Kiarabu, yakieleza kuwa ni kapsuli moja kila wiki, kwa ushauri wa tabibu. Miaka zaidi ya thelathini nimewafundisha watoto wa watu kusoma Kiarabu. Chupa ile niliishika mkononi, na sikuigeuza.

Vitamini D ni kitu gani?

Tangu siku hiyo nimeuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyafahamu kwa wenye elimu yake.

Vitamini D hutofautiana na vitamini nyingi nyingine, kwa kuwa mwili wenyewe waweza kuitengeneza. Ngozi ikipigwa na jua huanza kazi, kisha ini huipokea na kuigeuza, kisha figo huikamilisha ikawa ni homoni inayoamrisha utumbo uvute kalsiamu kutoka katika chakula. Kwa kalsiamu hiyo mifupa na meno huwa imara, misuli hufanya kazi na moyo hupiga sawasawa. Mtoto akiikosa hupata matege. Mtu mzima akiikosa mifupa yake hulainika na kuuma.

Kwa hiyo upungufu wake ni jambo la kweli, wala nisifahamike kuwa naukanusha. Wanawake wanaovaa buibui na kukaa ndani muda mwingi, wazee wasiotoka, na watoto wachanga wanaonyonya maziwa ya mama pekee, wote hao wamo katika wale wanaoweza kupungukiwa. Wale akina mama katika kikundi cha dada yangu hawakusema uongo. Walisema nusu ya maneno.

Nusu ya pili ni hii. Ziko vitamini zinazoyeyuka katika maji, kama vitamini C, na aghalabu mwili huipeleka ziada yake katika mkojo. Vitamini D huyeyuka katika mafuta. Ziada yake haitoki upesi. Huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, siku baada ya siku, kama maji yanayotiwa katika mtungi usiomiminwa. Mtu humeza leo, na ya leo hukaa juu ya ya jana. Ndiyo maana madhara yake hayaji siku ya kwanza, na ndiyo maana yakija hayaondoki siku ile mtu aachapo kumeza. Huweza kuendelea kwa majuma, hata miezi.

Na hapa kuna hekima ya Muumba yafaa tuizingatie. Vitamini D itokanayo na jua haimdhuru mtu kwa kuzidi. Ngozi ikishapata kiasi chake, jua lile lile huivunja ziada ikawa vitu visivyo na nguvu. Mlango wa jua umewekewa kizuizi chake, bali mlango wa chupa hauna kizuizi ila akili ya mwenye kuifungua.

Ziada hudhuru vipi?

Vitamini D ikijaa mwilini, utumbo huvuta kalsiamu kupita haja, na mifupa yenyewe huanza kutoa kalsiamu yake na kuimwaga katika damu. Tazameni kinyume hicho: mtu alimeza ili aimarishe mifupa, na kwa kuzidisha akaifanya itoe kile kilichokuwa akiba yake. Damu ikijaa kalsiamu, tumbo huchafuka, mtu akatapika na kufunga choo. Figo hujitahidi kuitoa, mtu akakojoa sana na kuwa na kiu, mwili ukakauka. Kalsiamu huganda katika figo ikawa vijiwe, au hukaa katika nyama za figo na kuta za mishipa. Mapigo ya moyo huharibika. Ubongo huingiwa na uzito, mtu akachoka, akachanganyikiwa, akalala usingizi usio wake. Hali ikiachwa, mtu huweza kufa.

Atakayeona natia chumvi na ajue hili: vitamini D3, ambayo ndiyo iliyomo katika kapsuli nyingi, hutumika pia kwa kiasi kikubwa katika baadhi ya sumu za panya. Panya hufa kwa kujaa kalsiamu. Kinachotenganisha dawa ya bibi na sumu ya panya ni kipimo.

Wala mkasa wetu si wa kwanza duniani. Baada ya vita vikuu vya pili, Uingereza iliongeza vitamini D katika maziwa ya unga ya watoto, katika nafaka zao, na pia ikawapa mafuta ya ini la samaki, yote kwa nia ya kuondoa matege. Kila kimoja peke yake kilikuwa chema. Mtoto aliyepewa vyote vitatu alipata kupita kiasi, na katika miaka ya 1950 wakaonekana watoto wachanga wanaotapika na kudhoofika huku kalsiamu imejaa katika damu. Mwaka 1957 serikali ikapunguza viwango hivyo. Huko Boston, Marekani, madaktari waliandika mwaka 1992 juu ya wagonjwa 8 waliodhurika kwa sababu ya maziwa ya kupelekewa nyumbani, ambayo kiwanda kilikuwa kimeyatia vitamini D kupita kiasi.

Mkasa ulionigusa zaidi ni wa Kashmir, nchi ya Waislamu wengi, yenye baridi kali na mavazi ya kujisitiri, ambako upungufu wa vitamini D umeenea. Mwaka 2011 madaktari wa huko waliandika katika jarida la kitabibu la Oman habari za wagonjwa 10 walioletwa wakitapika, wakiwa wamefunga choo, wengine fahamu zimewapotea na figo zimedhurika. Wote walikuwa wamepewa vitamini D kwa mamilioni ya yuniti katika miezi michache. Walikuwa watu wa mahali penye upungufu, na wakadhurika kwa ziada. Tusidanganyike, basi, kwamba kwa kuwa sisi ni wa sitara, basi kwetu haiwezi kuzidi.

Na iko ziada isiyofika kujaza damu kalsiamu, na bado ikadhuru. Huko Australia wanawake zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea waligawanywa makundi mawili. Moja likapewa yuniti 500,000 kwa mpigo mara moja kwa mwaka, jingine likapewa vidonge visivyo na dawa. Ilitarajiwa kuwa waliopewa vitamini wataanguka kidogo na kuvunjika kidogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa kinyume: wao ndio walioanguka zaidi na kuvunjika zaidi.

Watoto wachanga

Hapa nawaomba mama zetu wasome polepole.

Mtoto mchanga huweza kuandikiwa na daktari matone ya vitamini D, na kiasi chake cha kawaida ni yuniti 400 kwa siku. Hatari imo katika chupa zenyewe, kwani hazifanani. Iko chupa ambayo yuniti 400 zimo katika mililita nzima. Iko nyingine ambayo yuniti 400 zimo katika tone moja tu. Mama aliyezoea ile ya kwanza, akiletewa hii ya pili na kumpa mwanawe mililita nzima, ikiwa mililita ile ina matone 25, basi amempa yuniti 10,000 kwa siku moja. Mwezi Juni mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa wazazi juu ya jambo hili hili, kwa kuwa baadhi ya vibomba vya kutonesha vilikuwa vikibeba zaidi ya kile anachostahili mtoto.

Kwa hiyo tumieni kibomba kilichokuja na chupa ile ile, si cha chupa nyingine, wala kijiko cha chai. Msimwongezee mtoto tone kwa sababu mtoto wa jirani amesimama mapema. Na mtoto mchanga akianza kukataa ziwa, kutapika, kufunga choo, kulegea na kutonenepa, naye yumo katika matone hayo, mpelekeni hospitali pamoja na chupa yake.

Kiasi ni kipi?

Viwango vinavyofuatwa na wengi vilitolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2010. Mtoto asiyetimiza mwaka hutosheka na yuniti 400 kwa siku. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 70, pamoja na wajawazito na wanyonyeshao, ni yuniti 600. Aliyepita miaka 70 ni yuniti 800.

Mpaka ambao haifai mtu kuupita kwa siku bila ya usimamizi wa daktari ni huu: mtoto hadi miezi 6, yuniti 1,000, wa miezi 7 hadi 12, yuniti 1,500, wa mwaka 1 hadi 3, yuniti 2,500, wa miaka 4 hadi 8, yuniti 3,000, na kuanzia miaka 9 na kuendelea, yuniti 4,000. Kufika katika mpaka huo si jambo la kutakwa. Mpaka ni ukuta, si shabaha.

Sasa ipimeni kapsuli ya dada yangu. Yuniti 50,000 ni kiasi cha mtu mzima cha siku 83. Daktari huweza kumwandikia mgonjwa aliyepimwa na kukutwa na upungufu mkubwa, ameze moja kwa wiki kwa majuma machache, kisha amwone tena. Hiyo ni tiba yenye mwanzo na mwisho. Aliyeandikiwa hivyo asiiache kwa sababu ya makala haya. Na aifuate kama alivyoandikiwa, asiongeze siku wala kapsuli.

Katika chupa, yuniti huandikwa kwa herufi IU. Baadhi ya chupa huandika mikrogramu badala yake, na mikrogramu 1 ni sawa na yuniti 40. Mikrogramu 25, ambazo huonekana kuwa chache, ni yuniti 1,000. Mikrogramu 1,250 ni zile yuniti 50,000.

Ziada hujificha wapi?

Watu wachache hudhurika kwa kumeza gao zima kwa mpigo. Wengi hukusanya bila kujua. Mama mjamzito hupewa vidonge vya kliniki, akaongeza vidonge vya kalsiamu vyenye vitamini D ndani yake, akaongeza mafuta ya ini la samaki aliyoambiwa humpa mtoto akili, kisha akaletewa kapsuli kutoka ng'ambo. Vinne hivyo vina majina manne na rangi nne, na ndani yake kimo kitu kimoja.

Wako pia watu ambao hata kiasi kidogo cha ziada huweza kuwadhuru upesi: wenye maradhi ya figo, waliowahi kupata vijiwe vya figo, wenye kifua kikuu, wanaotumia baadhi ya dawa za presha zile za kumkojoza mtu, na wanaotumia dawa ya moyo iitwayo digoksini. Hawa wasimeze vitamini D yoyote bila ya kumuuliza daktari wao.

Na yako maneno yanayozunguka katika simu kwamba vitamini hii huzuia saratani na maradhi ya moyo, basi kila amezaye zaidi hukingika zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata watu wazima zaidi ya 25,000, nusu yao wakipewa yuniti 2,000 kila siku kwa takriban miaka mitano, haukuona kuwa wale waliopewa walipatwa na saratani au maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wenzao.

La kufanya

Anayetumia vitamini D, kisha akapatwa na kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kufunga choo, kiu kali, mkojo mwingi, udhaifu au kuchanganyikiwa, na aende hospitali bila ya kungoja, akichukua chupa zote za nyumbani. Amwambie daktari anachomeza, kiasi gani, na tangu lini. Kupima kalsiamu na kazi ya figo katika damu ni jambo rahisi. Akikutwa na ziada, huzuiwa vitamini na kalsiamu, hutiwa maji ya mshipa, na huenda akapewa dawa za kuishusha kalsiamu. Asijitibu kwa kunywa maji mengi nyumbani akangoja ipite.

Na kwa aliye mzima anayehofia upungufu, milango ya kheri iko wazi bila ya chupa. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, na jua letu lina nguvu mwaka mzima. Nyumba za wazee wetu zilikuwa na kiwanda ndani, mahali ambapo mwanamke huanika nguo na kupeta mchele, uso na mikono na miguu yake ikipata jua, wala hakuna ajinabi amwonaye. Leo tunaishi ghorofani, lakini wengi wetu tuna roshani inayoweza kuzibwa kwa pazia, au paa lenye ukuta. Sitara haikumkataza mwanamke jua; imemkataza macho ya asiye maharimu. Jua lipitalo katika kioo cha dirisha lakini halifai, kwa sababu kioo huzuia ule mwale unaohitajika.

Na wakati wake, wanafunzi wa madrasa wataufahamu upesi. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua hilo hutengeneza vitamini D vizuri. Kikirefuka kukupita, kazi hiyo hupungua sana. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kivuli kufikia urefu wa kitu, mbali na kile cha adhuhuri, ndiyo alama ya kuingia alasiri. Basi ni tangu jua lipandapo asubuhi hadi kabla ya alasiri. Robo saa hadi nusu saa, mara kadhaa kwa juma, huwatosha wengi wenye ngozi kama zetu, bila ya kujichoma. Ndugu zetu wenye ualbino hawamo katika shauri hili; wao ngozi yao ni amana ya kukingwa na jua.

Chakula nacho kina sehemu yake: samaki wenye mafuta kama dagaa, simu, vibua na jodari, na kiini cha yai. Vyote hivyo vimo sokoni kwetu.

Neno la sharia

Dini yetu imeihimiza tiba, na imeiwekea adabu. Qur'ani Tukufu imetufundisha kwamba kila kilichoumbwa kimeumbwa kwa kadiri, na imetukataza israfu hata katika kula na kunywa vilivyo halali. Ikiwa israfu ya chakula imekatazwa, israfu ya dawa ina daraja gani? Nafsi ni miongoni mwa mambo makubwa ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, na wanazuoni wameweka kanuni ya kuwa madhara ni ya kuondolewa. Mwili si milki yetu tuufanyie majaribio. Ni amana, na amana hurejeshwa kwa Mwenyewe.

Na iko hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengineo, ambayo niliisoma nikiwa kijana na kuwasomesha wengine, kwamba mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa elimu hiyo, basi ni dhamini kwa atakachokiharibu. Nilikuwa nikiifasiri kwa waganga wa barabarani. Sikuwahi kuifasiri kwa maalim anayeulizwa na dada yake kuhusu chupa, akajibu kwa sababu tu amezoea kujibu. Wala sikuifasiri kwa mama anayesambaza ujumbe wa dawa katika simu yake bila ya kujua umetoka wapi, naye akitarajia thawabu. Sisi masheikh watu hutuuliza mengi kwa kutuamini. Kusema "Sijui, muulize daktari au mwenye duka la dawa aliyesomea" hakutuondolei heshima. Maimamu wakubwa walisema "sijui" katika dini yenyewe. Kuuliza si ujinga, na kujibu usilolijua ndio ujinga.

Ndugu zetu walioko Maskati, Dubai, Jedda na Ulaya nao nawausia: zawadi yenu ni ya mapenzi, na Mola awalipe. Mkituma dawa, tumeni na kipimo chake. Pigeni simu, mweleze mama kwa Kiswahili ni ngapi na mara ngapi, na ni mpaka lini. Bora zaidi, muulizeni kwanza kama daktari wake amemwandikia.

Dada yangu alikaa hospitali siku 11. Akili ilimrudia kabla ya mwili. Figo zake zimerejea kwa sehemu kubwa, si zote, na kila baada ya miezi mitatu nampeleka kupimwa damu. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo limenilemea kuliko lawama. Ila sasa kila nimpelekeapo kitu, hata panadoli, hukishika akanitazama na kuniuliza, "Maalim, umesoma pande zote mbili?"

Nami humjibu, "Nimesoma, dada," kisha nikamsomea.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, atuhifadhie wazazi na watoto wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa na ulimi unaojua kunyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq.